KOMPYUTA MOJA, MIFUMO MIWILI
Jinsi ya kuweka Linux bila kuifuta Windows



Wengi wetu, tuwe hapa Kampala au katika makazi ya Nakivale na Kyaka II, tunatumia laptopu za mitumba zilizonunuliwa mjini. Nyingi zina Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Laptopu nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, kwa sababu hiyo inadai prosesa mpya zaidi na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kompyuta hiyo bado ni nzima, lakini bila marekebisho ya usalama inazidi kuwa hatarini. Usiitupe wala usiiuze kwa hasara. Soma kwanza maelezo haya.

LINUX NI NINI?

Ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows ilivyo. Tofauti ni kwamba hutolewa bure, na unaruhusiwa kuinakili na kumpa jirani yako. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland. Leo ziko aina nyingi. Moja ni Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni la lugha za kwao na maana yake ni utu. Kwa laptopu yenye nguvu ndogo tunashauri Linux Mint ya Xfce. Inahitaji memori ya 2 GB, ingawa 4 GB ni afadhali, na nafasi ya 20 GB kwenye diski.

KWA NINI TUSIIFUTE WINDOWS?

Kwa sababu baadhi ya kozi na kazi zinadai programu za Windows tu. Mifumo yote miwili inaweza kukaa katika diski moja, kila mmoja chumba chake. Ukiwasha kompyuta, unachagua unaoutaka.

KABLA YA KUANZA

1. Nakili faili zako zote kwenye flashi au diski nyingine, kisha zifungue huko uhakikishe zinasomeka. Mwaka 2022 mimi nilikuwa na haraka. Niliruka hatua hii, nikabonyeza nisipopaelewa. Kwa dakika chache diploma yangu niliyokuwa nimeipiga skani ilipotea, pamoja na picha mbili za marehemu baba. Karatasi ya diploma ninayo. Picha zile hazikuwa na nakala nyingine.

2. Tafuta kama diski imefungwa kwa kufuli ya BitLocker. Ikiwa imefungwa, ifungue kwenye mipangilio ya Windows na usubiri imalize. Usipofanya hivyo, Windows inaweza kukudai ufunguo mrefu wa tarakimu 48 ambao muuza duka hakukupa.

3. Chaji betri ijae, na uache waya umechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, diski inaweza kuharibika.

4. Pakua Linux Mint kutoka linuxmint.com. Ni karibu 3 GB. Kama data ni ghali kwako, mwombe mwenzako aliye nayo akunakilie.

HATUA ZENYEWE

1. Tayarisha flashi ya 8 GB kwa programu ya bure iitwayo Rufus. Kumbuka, kila kilichomo ndani ya flashi hiyo kitafutwa. Usitumie ile yenye nakala zako.

2. Ndani ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc. Bonyeza C: kwa upande wa kulia wa mausi, chagua "Shrink Volume", andika 40000. Hapo umetenga karibu 40 GB. Nafasi hiyo iache tupu.

3. Zima kompyuta huku umeshikilia kitufe cha Shift. Bila hivyo Windows hulala nusu tu badala ya kuzimika kabisa.

4. Chomeka flashi, washa, na papo hapo gonga F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP. Chagua flashi.

5. Linux itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu intaneti, sauti na kibodi. Kama kuna kisichofanya kazi, unaweza kuzima na hujapoteza kitu.

6. Bonyeza "Install". Ukifika penye swali la diski, chagua mstari wenye neno "alongside", maana yake kando ya Windows.

TAHADHARI: Usichague "Erase disk". Hapo ndipo mimi nilipobonyeza. Na kama mstari wa "alongside" hauonekani, usibahatishe. Zima, utafute mtu anayefahamu.

BAADA YA KUMALIZA

Ukiwasha, utaona orodha ya mifumo miwili. Ikiwa Windows inafunguka moja kwa moja, ingia kwenye mipangilio ya kuwashia na uweke "ubuntu" juu. Linux Mint huonekana hapo kwa jina hilo.

Huenda saa ya Windows ikarudi nyuma saa 3. Kompyuta haijaharibika. Linux huhifadhi saa ya dunia, Windows huhifadhi saa ya mahali, na Uganda iko mbele kwa saa 3. Fungua Terminal katika Linux, andika: timedatectl set-local-rtc 1

Kwa barua na maombi ya kazi tumia LibreOffice, ambayo huja pamoja na Linux Mint. Hufungua faili za Word. Unapomtumia mtu, hifadhi kama .docx au PDF.

Mwenye kufaulu amsaidie jirani. Na asiye na hakika aulize kabla ya kubonyeza.