Deni Peke Yake Halikamati Mali

Tuseme mfanyabiashara wa Bukoba anamdai mwenzake wa Muleba shilingi milioni 30 za biashara ya dagaa. Shauri limefunguliwa, na sasa anasikia boti na injini za mdaiwa zinatafutiwa mnunuzi. Je, mahakama inaweza kuzikamata kabla ya hukumu? Inaweza, lakini wengi hukwama kwa sababu hufika na ushahidi wa deni tu.

Masharti yamo katika Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya 36. Kwanza, lazima shauri liwe limekwisha kufunguliwa. Kabla ya hapo, Mahakama Kuu huombwa amri ya aina nyingine iitwayo Mareva, jina lililotokana na kesi ya Uingereza ya mwaka 1975.

Pili, mdai aonyeshe, kwa kawaida kwa hati ya kiapo, kwamba mdaiwa yuko mbioni kuuza mali yake au kuiondoa katika eneo la mahakama. Huku kwetu kuhamisha mali ni jambo jepesi: boti iliyotia nanga Goziba leo, kesho yaweza kuwa upande wa Mwanza, mzigo uliopakiwa kwenye lori huvuka Mutukula ukaingia Uganda.

Tatu, na hapa ndipo maombi mengi huangukia, ni nia. Mdaiwa awe anafanya hivyo ili kukwamisha au kuchelewesha utekelezaji wa hukumu itakayotolewa. Mvuvi anayeuza dagaa au mnunuzi wa kahawa anayesafirisha magunia yuko kazini, hakwepi deni. Kiapo cha "nahofia atauza" hakina uzito. Eleza ni mali ipi, anauziwa nani, lini, na ulijuaje. Aliyekuambia naye aape. Mwaka 2007, katika kesi ya Raman Tech dhidi ya Solanki Traders, Mahakama ya Juu ya India ilieleza kuhusu kanuni inayofanana na yetu kwamba haikuwekwa ili kugeuza deni lisilo na dhamana kuwa lenye dhamana.

Nne, taja mali unazotaka zikamatwe na makadirio ya thamani yake.

Mahakama ikiridhika, kwanza humpa mdaiwa muda wa kuweka dhamana au kufika kujieleza. Akishindwa yote mawili, hukamatwa mali inayotosha deni. Pale penye haraka, mahakama inaweza kuikamata kwa masharti huku ikisubiri maelezo yake. Dhamana ikiwekwa, au shauri likitupwa, mali huachiwa.

Mali iliyokamatwa bado si yako. Haki za wengine zilizotangulia, kama za benki iliyoishika injini kwa mkopo, haziguswi. Vyombo vya kupikia, vitanda, zana za lazima za mkulima na fundi, na nyumba inayokaliwa na mdaiwa na familia yake hulindwa na sheria hiyo hata baada ya hukumu. Na ukikamatisha mali bila sababu za kutosha, mahakama inaweza kukuamuru umlipe mdaiwa fidia.

Nawe mdaiwa ujue kwamba mdai hana ruhusa ya kujichukulia pikipiki yako "mpaka ulipe", hata akiongozana na mtendaji wa kata au askari. Dalali akifika kwa jina la mahakama, mwombe amri iliyosainiwa na kugongwa muhuri. Nawe mdai, kabla ya kulipia maombi, pitia kiapo chako: kama kinathibitisha deni tu, bado hujawa na hoja.