Linda Ronstadt na Nyimbo za Urithi: Chati Hupima Nini?

Makala hii inadhamiria kujadili maswali mawili yanayomhusu mwanafunzi wa fasihi simulizi. Je, msanii anayeimba nyimbo zilizotungwa na wengine hubuni lolote? Na je, nafasi ya albamu yake kwenye chati hutueleza nini kuhusu thamani yake? Tutarejelea albamu mbili za Linda Ronstadt, mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa Tucson, Arizona, mwaka wa 1946.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ronstadt alikuwa amevuma sana kwa nyimbo za roki na pop. Mwaka wa 1983 akatoa What's New, albamu ya nyimbo tisa za kale zilizopendwa kabla ya roki kuzuka. Aliimba akisindikizwa na okestra ya Nelson Riddle, mpangaji muziki aliyekuwa amefanya kazi na Frank Sinatra. Wakuu wa biashara ya muziki walihofia kuwa angewapoteza mashabiki wake. Kinyume na hofu hiyo, albamu ilipanda hadi nafasi ya 3 katika chati ya jarida la Billboard, na hatimaye ikatunukiwa hadhi ya nakala milioni 3 nchini Marekani.

Mwaka wa 1987 alitoa Canciones de Mi Padre, yaani Nyimbo za Baba Yangu. Safari hii aliimba kwa Kihispania nyimbo za jadi za Meksiko, asili ya ukoo wa babake, zikisindikizwa na vikundi vya mariachi. Jina lenyewe alilirithi kutoka kwa kitabu cha nyimbo cha shangazi yake, Luisa Espinel, kilichochapishwa mwaka wa 1946. Albamu hii ilikomea katika nafasi ya 42.

Msomaji anayelinganisha 3 na 42 huenda akahitimisha kuwa albamu ya pili ilianguka. Hitimisho hilo ni la pupa. Nafasi ya chati huonyesha jinsi albamu ilivyofanya katika juma moja ikilinganishwa na nyingine. Haionyeshi itadumu kwa muda gani. Aidha, hadi Mei 1991, Billboard ilitegemea taarifa za maduka yaliyoulizwa, si hesabu ya kompyuta ya nakala zilizouzwa. Canciones de Mi Padre iliendelea kununuliwa hadi ikatunukiwa hadhi ya nakala milioni 2 nchini Marekani, jambo la nadra kwa albamu isiyo ya Kiingereza. Ilituzwa Grammy, na mwaka wa 2022 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiorodhesha miongoni mwa rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Tukirejelea swali la ubunifu, fasihi simulizi inatupa jibu. Fanani anayetamba ngano ya jadi hakuitunga, lakini hadhira haimwiti mwigaji. Ubunifu wake umo katika utendaji: sauti, mpangilio, na uhusiano anaouunda baina ya kazi ya kale na hadhira mpya. Kwa What's New, Ronstadt aliwafikishia vijana wa roki nyimbo za enzi ya wazazi wao. Kwa albamu ya pili, aliifikisha lugha ya nyumbani katika soko lililotawaliwa na Kiingereza. Hata hivyo, si kila albamu ya marudio inastahili sifa hizi. Zipo zinazotolewa kwa sababu tu wimbo uliokwisha kupendwa ni rahisi kuuza.

Kwa kuhitimisha, wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Sisi tunaokusanya nyimbo za makabila yetu na kuzihakiki kwa Kiswahili tusizipime kwa wingi wa wanaozisikiliza juma hili pekee. Tuulize pia ni nani atakayeweza kuziimba baada yetu.