Gitaa kwa vidole viwili, kutoka Birmingham hadi Likasi

Mwaka 1965, mjini Birmingham nchini Uingereza, kijana wa miaka 17 alirudi nyumbani kula chakula cha mchana akiwa ameamua kwamba kiwandani harudi tena. Ilikuwa siku yake ya mwisho ya kazi. Alikuwa amepata nafasi katika kundi la muziki lililojitayarisha kwenda kupiga Ujerumani. Mama yake alikataa: rudi, umalize siku yako. Akarudi. Mtu wa mashini ya kukandamiza mabati hakuwa amefika kazini, basi akawekwa yeye. Mashini ilimshukia mkono wa kuume, na alipouvuta kwa hofu, ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete, zilibaki huko.

Kijana huyo ni Tony Iommi, ambaye baadaye alianzisha kundi la Black Sabbath pamoja na wenzake. Yeye anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono ule wa kuume ndio uliokuwa unabonyeza nyuzi za gitaa. Waganga walimwambia asahau muziki.

Msimamizi wake wa kazi, kapita kama wanavyosema watu wa Katanga, alikuja kumtembelea nyumbani akiwa na disiki mkononi. Iommi hakutaka kusikia gitaa la mtu mwingine siku hizo, na ni nani asiyemwelewa? Kapita akasisitiza. Disiki ilipokwisha kuzunguka, akamwambia: huyu uliyemsikia anapiga kwa vidole viwili tu.

Aliyekuwa ndani ya disiki hiyo ni Django Reinhardt, na hapo hadithi inarudi nyuma karibu miaka 40. Django alizaliwa mwaka 1910 huko Liberchies, Ubelgiji, katika jamii ya Wamanouche, watu wanaoishi na kusafiri katika nyumba za magurudumu. Usiku mmoja wa mwaka 1928, nje ya Paris, mshumaa uliwasha moto maua ya selulodi ambayo mke wake alikuwa akitengeneza ili kuyauza. Nyumba yote iliwaka. Django, mwenye miaka 18, alitoka akiwa hai, lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho, vilikauka na kujikunja. Mguu pia ulikuwa karibu kukatwa; alikataa. Ndugu yake Joseph alimletea gitaa akiwa bado kitandani, na hapo ndipo alipoanza upya, akitafuta njia mpya ya kila sauti ambayo zamani alikuwa akiipata bila kufikiri.

Anayetaka kujua alifika wapi asikilize "Minor Swing" ya mwaka 1937, pamoja na fidla ya Stéphane Grappelli. Ngoma hakuna, magitaa mengine mawili na besi ndiyo yanayoshika mwendo. Kidole cha shahada na cha kati vinakimbia juu ya nyuzi kwa mbio ambayo wapigaji wengi wenye vidole vyote vinne hawaiwezi. Mbio hiyo ndiyo inayowashangaza wengi. Lakini wimbo mkubwa zaidi ni "Nuages", yaani Mawingu, aliourekodi Paris mwaka 1940, mji ukiwa mikononi mwa Wajerumani na watu wa kabila lake wakiwindwa na Wanazi. Humo hakimbii kabisa. Anaacha noti ining'inie, anaivuta kidogo, anaiachia. Mtu mwenye vidole viwili hana nafasi ya kutupa noti ovyo, na katika "Nuages" hakuna hata moja iliyotupwa.

Iommi alielewa. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akatengeneza vifuniko vya vidole vyake, akavivika ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba, laini zaidi, zisizomuumiza. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotoka Februari 1970, ilirekodiwa kwa siku moja tu. Ila jeraha lenyewe linasikika vizuri zaidi katika "Master of Reality" ya mwaka 1971: katika baadhi ya nyimbo alilegeza nyuzi kwa nusu-sauti tatu ili zisimsumbue vidole, na gitaa likashuka chini, zito kama lori lililobeba mchanga. Makundi mengi ya roki nzito yanalegeza nyuzi hadi leo, na wengi wao wana vidole vizima.

Wes Montgomery wa Indianapolis hakuungua wala hakukatwa. Tatizo lake lilikuwa nyumba. Alifanya kazi kiwandani mchana, alipiga kilabu usiku, na saa za kujifunza zilikuwa zile ambazo wengine wanalala. Aliacha kipande cha kupigia nyuzi, akatumia nyama ya kidole gumba ili majirani wasigombe. Sauti iliyotoka ni ya mviringo, yenye joto, na katika "The Incredible Jazz Guitar", iliyorekodiwa Januari 1960, gumba hilo hilo linapiga noti mbili za oktava kwa pamoja kana kwamba ni moja. Kusoma noti hakujua. Alifariki mwaka 1968 akiwa na miaka 45 tu.

Mwaka huo huo wa 1960, Reverend Gary Davis, mhubiri kipofu aliyezoea kuimba barabarani Harlem, alirekodi "Harlem Street Singer". Mkono wake wa kuume ulitumia gumba na shahada, basi. Inasimuliwa pia kwamba aliwahi kuvunjika kifundo cha mkono wa kushoto, kikaungwa vibaya, na upinde huo ukampa njia za kushika nyuzi ambazo wengine hawazifikii. Gumba lake linatembea kama mguu, shahada inajibu kama kanisa. Ukifumba macho utasema wako wawili.

Wasikilizaji wa Katanga wana haki ya kutabasamu hapo, kwa sababu maneno hayo hayo, "wako wawili", yamesemwa kuhusu mtu wa kwao. Februari 1952, mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, Hugh Tracey alimrekodi kijana aliyemkuta na gitaa lake barabarani: Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa nchi ya Bayeke. Wimbo ni "Masanga". Gumba na shahada, kama Davis, ingawa hakuna kinachoonyesha kwamba waliwahi kusikiana. Gumba linashika mwendo wake chini, shahada inacheza juu kwa mwendo mwingine, na baada ya kila mzunguko kitu kidogo kinabadilika. Davis anasukuma, Mwenda anabembeleza. Kati ya disiki zote zilizotajwa hapa, hiyo ndiyo inayozidi kufunguka kadiri unavyoirudia.

Dunia iliisikia. Mtaalamu David Rycroft aliandika uchambuzi mrefu wa mtindo wake, vijana wa Nairobi waliiga vidole vyake alipoishi huko, na mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya barabarani. Rekodi za Tracey zinahifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini, mbali sana na barabara zilikofanywa. Wapigaji wa gitaa wa Ulaya wanajifunza "Masanga" noti kwa noti. Huku kwetu wapo vijana wanaopiga kila Jumapili kanisani bila kujua jina la Mwenda.

Inapatikana kwenye intaneti. Ni fupi, maana upande mmoja wa disiki za siku zile ulibeba dakika tatu hivi, kwa hiyo haitakula mega nyingi.