Kuni za Kupasua Mwenyewe na Jiko Linalolala Chumbani

Leo tunazungumza juu ya kuni. Najua kuna atakayesema sisi ni watu wa mjini, ndege zinatua hapa jirani, kuni ni mambo ya mashamba. Lakini nikiwatembelea naona mafiga uani, shoka limeegemezwa ukutani, na fungu la mwarobaini, mvinje na vifuu vya nazi. Gesi ikiisha katikati ya mwezi, kuni ndizo zinazopika.

Mti uliokatwa juzi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia motoni, moto kwanza unafanya kazi ya kukausha maji hayo, na hapo ndipo unapotoka ule moshi mzito unaotuliza machozi. Gamba huyazuia maji yasitoke, kwa hiyo gogo zima laweza kukaa miezi na ndani bado ni bichi. Dawa ni kupasua, tena mapema, wakati wa kaskazi jua likiwa kali. Vipande visizidi unene wa kifundo cha mkono. Vipange juu ya mawe, visiguse udongo, na bati juu yake kabla mvua za masika hazijaanza. Kuni kavu ina nyufa kwenye ncha, na ukigonganisha mbili hulia kwa sauti kali. Mjamzito asiinue shoka wala mzigo wa kuni; baba na vijana wapo. Na unapochomoa kuni rundoni tazama kwanza, maana nge hupenda kujificha humo.

Mbao zilizopakwa rangi, na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa, usipikie hata kama umepewa bure. Moshi wake ni sumu, na majivu yake pia. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini bado naona watu wanawashia moto kwa plastiki. Tumia makumbi makavu ya nazi.

Moshi huu unaingia kwenye mapafu ya nani? Ya mama, na ya mtoto aliye mgongoni mwake. Mtoto anayevuta moshi kila siku hushikwa na nimonia kwa urahisi zaidi. Pika uani au penye upepo, na mtoto akae mbali na jiko na mtu wa kumwangalia. Chanjo ya nimonia ipo tangu mwaka 2011, naye huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichague mazungumzo ya leo. Mwezi wa sita kuna baridi kidogo, na mvua bado inanyesha usiku. Nyumbani kuna mzazi yuko ndani ya arobaini. Bibi amemaliza kuchemsha maji ya kumkanda, kuni zimebaki makaa mekundu mazuri, hayana moshi hata chembe. Anayateka kwenye jiko, anayaingiza chumbani, anafunga dirisha ili mzazi na mtoto wapate joto. Ni mapenzi hayo, wala simlaumu bibi. Lakini nimempokea mzazi wa namna hiyo asubuhi, kichwa kinamgonga, anatapika, miguu haina nguvu, na nyumba nzima inasema ni malaria. Mwili wake haukuwa na joto. Kipimo hakikuonyesha kitu. Tulipouliza mlilala vipi, ndipo jiko likatajwa.

Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika. Hewa hiyo hushikamana na damu na kuchukua nafasi ya hewa safi, mtu akazidi kusinzia na asiamke. Mimba nayo hudhurika. Kumwagia jiko majivu hakuondoi sumu. Ukimkuta mtu hivyo, fungua mlango, mtoe nje upesi, mpeleke hospitali akapewe oksijeni. Maziwa hayasaidii hapa, msipoteze wakati kuyatafuta.

Basi mtoto apate joto wapi? Kifuani mwa mama. Mvue nguo, abaki na nepi na kofia, mlaze ngozi kwa ngozi katikati ya matiti, halafu wafunikeni kwa leso na blanketi. Mama akichoka, baba au bibi anaweza kumshika vivyo hivyo. Kuoga kwa mara ya kwanza kungoje saa 24 baada ya kuzaliwa. Mzazi akandwe kama desturi, ila maji yachemshwe nje yaingizwe yakiwa kwenye ndoo, na jiko lilale uani.

Mtoto akikohoa, mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia; simu yako ina saa. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi mwaka mmoja ni 50, na mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, usingoje kupambazuke. Mwamshe jirani mwenye gari au bodaboda, mwende hospitali usiku huo huo.