Judy Grahn: mshairi aliyeshika mtambo wa kuchapa

Mshairi Judy Grahn alizaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1940, akakulia katika mji mdogo wa jimbo la New Mexico. Baba yake alikuwa mpishi, mama yake msaidizi katika studio ya picha. Alijiunga na Jeshi la Anga, lakini akiwa na miaka 21 alifukuzwa kwa sababu moja tu: alipenda wanawake. Tangu hapo aliishi kwa kubangaiza, mara kuhudumia mezani, mara kupiga taipu, mara kutengeneza sandwichi.

Katikati ya miaka ya 1960 aliandika kejeli kuhusu daktari wa akili anayejitia kumtibu mwanamke anayependa wanawake. Hakupata wa kuichapa. Wataalamu wa magonjwa ya akili nchini humo waliwahesabu wapenzi wa jinsia moja kuwa wagonjwa, na hawakuwafuta katika orodha hiyo hadi 1973.

Mwaka 1969 Grahn, mchoraji Wendy Cadden na wenzao walianzisha Women's Press Collective mjini Oakland, California. Walianza na mashine ya kudurufu, kisha wakapata mtambo wa ofseti. Uchapaji ulikuwa kazi ya wanaume. Wanawake hao walijifunza wenyewe, wino ukiwaganda mikononi. Kejeli ile ilitoka hatimaye mwaka 1971, ndani ya kitabu *Edward the Dyke and Other Poems*. Ushirika huo ulichapa pia mashairi ya Pat Parker, mshairi mweusi kutoka Houston. Mtu asiye na mtambo husubiri ruhusa ya wenye nao, na Grahn alikuwa amesubiri vya kutosha.

Tungo zake za mwaka 1969, *The Common Woman*, ni picha saba za wanawake wa kawaida, akiwemo mhudumu wa mkahawa. Lakini kazi yake nzito zaidi ni *A Woman Is Talking to Death* ya 1974. Utenzi huo unaanzia kwenye ajali darajani: mwendesha pikipiki, kijana mzungu, amekufa, na dereva aliyemgonga ni mtu mweusi. Msimulizi anamwacha dereva huyo mikononi mwa polisi, kwa kuwa yeye mwenyewe anawaogopa. Washairi wengi wa harakati huwashtaki maadui. Grahn alijishtaki mwenyewe kwanza, na hapo ndipo nguvu ya utenzi huo ilipo.

Mwaka 1977 ushirika uliungana na shirika la uchapaji la Diana Press, lililokuwa limehamia Oakland kutoka Baltimore. Mwaka huohuo wahalifu waliingia kiwandani wakaharibu mitambo na vitabu, na shirika halikupona.

Grahn aliendelea kuandika. *The Queen of Wands* ilimpatia American Book Award mwaka 1983, na mwaka uliofuata ikatoka *Another Mother Tongue*, historia ya utamaduni wa mashoga na wasagaji. Leo ipo tuzo ya vitabu inayoitwa kwa jina lake.