Milepa hadi Mandela: Kila majira na bei yake

MILEPA iko chini, Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto na mpunga. Uwanja wa Nelson Mandela uko juu, Sumbawanga mjini, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kwa shabiki wa bondeni, kwenda mpirani ni kupanda mlima kwanza.

Juni na Julai unapanda na koti. Upepo wa Ufipa haujali jezi yako ni nyekundu au kijani. Mpunga umevunwa, nauli ipo, lakini ligi ndiyo inafunga hesabu. Septemba na Oktoba utakula vumbi, ila njia inapitika. Mvua zikishika, Novemba hadi Aprili, tope linaweza kukulaza njiani, mechi ukaisikiliza redioni.

Ndiyo maana Oktoba 22, 2020 haisahauliki. Tanzania Prisons, waliokuwa wameifanya Mandela nyumbani kwao, waliwachapa Simba, mabingwa watetezi, 1-0. Mfungaji Samson Mbangula. Siku hiyo aliyepanda kutoka bondeni alirudi na cha kusimulia.

Baadaye Wajelajela wakarudi kwao Mbeya, na Ligi Kuu ikashuka nao. Uwanja upo, baridi ipo, mashabiki wapo. Kinachokosekana ni timu ya Ligi Kuu ambayo Rukwa itaiita yake, siyo ya kuazima. Ikipatikana, nauli tutaitafuta wenyewe, hata masika.