Pikipiki kwenye kirikuu: ishikwe na kamba, siyo stendi

Kaa Maili Moja, Kibaha, hata nusu saa tu, hutakosa kuona kirikuu au pikapu iliyobeba pikipiki. Moja imezima njiani, inapelekwa kwa fundi. Nyingine ni mpya, imetoka Dar es Salaam inakwenda kuanza kazi kijijini. Mara nyingi imeegeshwa kwa stendi ya pembeni, imezungushiwa kamba moja, na kijana amekaa juu yake akiishikilia.

Huyo kijana ndiye anayenitia hofu. Boxer au TVS ina zaidi ya kilo 100. Dereva akikanyaga breki ghafla, mikono ya mtu haiwezi kuzuia uzito huo, wataanguka wote wawili. Mtu akae mbele na dereva, pikipiki ishikwe na kamba.

Sasa tatizo la stendi ni hili. Pikipiki ina shokapu, kwa hiyo gari likipita kwenye shimo, pikipiki huinama na kuinuka. Ikiinama, kamba inalegea. Ikiinuka, inaivuta kamba kwa nguvu. Mashimo kumi ya njia ya Maneromango yanatosha kufungua fundo, na stendi inapinda au inateleza kwenye bati la bodi. Dawa ni kuinyima nafasi ya kuruka. Gurudumu la mbele liguse ukuta wa mbele wa bodi, pikipiki isimame wima, stendi ikunjwe. Kisha funga kamba mbili chini ya hendeli, pale shokapu za mbele zinapoanzia, moja kulia na moja kushoto, zivutwe chini na mbele hadi kwenye ndoano za bodi. Kaza pande zote kwa zamu mpaka shokapu zishuke kama nusu. Usizibane mpaka mwisho, maana sili zake huharibika na mafuta yakaanza kuvuja. Kamba nyingine mbili zifungwe nyuma kwenye fremu au keria, ili mkia usicheze.

Bodi la kirikuu ni fupi, hivyo wengi huiweka pikipiki mshazari. Si vibaya, mradi gurudumu la mbele liingie kwenye kona na kamba zivute kutoka pande zote mbili.

Kuhusu kamba zenyewe, mkanda wa kufungia mizigo wenye kikazio cha chuma ndio bora. Kamba ya manila inafaa ikiwa nzima. Ya katani ikilowa hujikaza, ikikauka inalegea, na kwa mvua zetu za masika hilo hutokea ndani ya safari moja. Mpira wa tyubu tunaoupenda sana unavutika, kwa hiyo ufungie begi, usiutegemee kushika pikipiki. Usifunge kwenye vioo, indiketa, bomba la moshi wala waya za klachi na breki. Kamba ikipita karibu na tenki, weka kitambaa katikati.

Zima injini, funga koki ya mafuta, weka gia namba moja. Usifunge loki ya hendeli, kwa sababu gurudumu litakaa upande na loki inaweza kuvunjika. Kwenye tela, uzito uelemee kidogo mbele ya magurudumu ya tela, la sivyo mkia wake utayumba.

Nasisitiza haya kwa sababu wengi wa vijana hawa wako kwenye mkataba. Pikipiki ikianguka, taa na hendeli vikavunjika, inakaa kwa fundi huku hesabu ya bosi ikiendelea kudaiwa.

Kamba mpya hulegea mwanzoni. Ukitoka Kibaha kwenda Chalinze, simama Mlandizi uzikague. Ukitoka Kisarawe kuingia vijijini, simama baada ya kilomita chache tu.

Kupakia na kushusha, tafuteni tuta au ukingo wa barabara gari lirudi nyuma mpaka pale, ubao usiwe mwinuko mkali. Muwe wawili, na asiiendeshe mtu kupanda. Mkifika, msifungue kamba zote kwa pamoja: mmoja aishike hendeli na breki kwanza, mwingine aanze na kamba za nyuma.